Chupa Isipate Baridi

Kamina, 3 Oktoba 1955

Docteur, daktari mzungu wa dispensari ya reli, ameondoka leo asubuhi kwa likizo yake ya Ulaya, na hatarudi mpaka mvua ziishe. Ameniachia ufunguo wa maabara, mikroskopi na swali. Ufunguo na mikroskopi najua pa kuviweka. Swali ndilo litakalonisumbua: kwa nini watia makaa wa treni, wanaume wenye mabega mapana kama milango, wanapata watoto wachache kuliko watu wengine wa reli? Docteur anadhani ni moto. Mtu anasimama zamu nzima mbele ya tanuru la lokomotivu, na mbegu za mwanaume hazipendi joto. Ndiyo maana Mungu aliziweka nje ya tumbo. "Zacharie, angalia zilizo hai na zilizokufa, uniandikie." Alinipa mkono mbele ya watu wote wa gare, pale kituoni. Nilirudi nikitembea kama mtu aliyevishwa medali.

Nyumbani hapakuwa na wa kumwambia. Ndiyo sababu nimenunua daftari hili dukani kwa Assumani. Kifaransa nitakitumia kwenye ripoti. Humu naandika Kiswahili, kwa kuwa mimi ni mtu wa Kongolo na mke wangu Jeannine ni Muluba wa Kinkondja, na lugha ya nyumba yetu ni hii.

5 Oktoba

Mvua ya kwanza. Kumbikumbi wametoka ardhini, jirani zangu wamejaza ndoo. Jeannine huwakaanga na chumvi kidogo. Mimi nimekula bukari, ugali wa huku, na sardini ya kopo.

9 Oktoba, Jumapili

Baada ya misa watu husalimiana kwa majina ya watoto wao. Baba Marc, Mama Noémie. Mimi huitwa Munganga, na ni heshima, lakini ni heshima ya kazi tu.

Lucienne, jirani yetu, mke wa André mtia makaa, ameleta sahani ya sombe, majani ya muhogo, kama anavyofanya kila Jumapili tangu Jeannine aondoke. Wao wawili ni marafiki. Lucienne naye hana mtoto bado. Hakuingia ndani, aliiweka sahani barazani, akaigonga kwa kijiko nisikie, akaenda zake.

Jeannine aliondoka mwezi wa sita. Tumekaa miaka sita, hakuna mimba. Baba yake mdogo, mzee Ngoie, alikuja kumchukua ampeleke Kinkondja kwa mama yake, anywe majani ya kwao. Aliniambia, kwa upole ulionichoma kuliko matusi, kwamba mvua zikiisha familia itakaa na kuuliza ubovu uko wapi. Ukiwa kwa mtoto wao, ndoa itafunguliwa ili nitafute mwingine. Ukiwa kwangu itakuwaje, hakusema. Hilo huku halisemwi.

Mzee alipotoka nje, Jeannine alikuwa anakunja vitambaa vyake. Aliniuliza bila kuinua kichwa:

"Weye unaangalia ya bantu yote. Ya yako, uliangalia?"

"Kazi iko mingi, Jeannine."

"Ni chupa moya tu."

Nilimwambia nitaangalia. Bado sijaangalia.

17 Oktoba

Kazi imeanza. Tunatumia vichupa vya penisilini, tumevichemsha. Kila mwanaume anapewa kimoja aende nacho nyumbani, na asubuhi anakileta. Nimewaambia wote neno moja, makarani na watia makaa na wafagia gare: chupa isipate baridi. Mbegu zikipata baridi zinasimama, na mimi siwezi kujua kama zimelala au zimekufa. Makarani wanaleta chupa kwapani, ndani ya shati, wakitembea kama watu wenye jipu. Watia makaa zamu yao huanza kabla dispensari haijafunguliwa, kwa hiyo wanapanda na chupa kwenye mashini ya treni, na mashini inapopita karibu na ua wetu kupanga mabehewa wanashuka mara moja, wananipa, wanarudi juu.

Mtia makaa mmoja, Mwila, mtu wa mizaha, alikiinua kichupa chake juani akakitazama.

"Munganga, unataka tukupe bana betu mu chupa? Utabapikia?"

Wenzake wakacheka. Lakini mmoja hakucheka. Nilimsikia akisema nyuma yangu kwamba batumbula, wale wanaoteka watu na kuwauza kwa wazungu, siku hizi wameacha kuteka watu wazima na wameanza na mbegu. Nikajifanya sikusikia.

22 Oktoba

Mikroskopi yetu ina jicho moja. Anayeangalia, anaangalia peke yake. Mwingine lazima angoje. Leo nimekaa nayo mpaka shingo imekakamaa. Mbegu za karani wa bohari zilikuwa nzima. Sijui niandikeje bila kuonekana mjinga. Kila moja ina kichwa na mkia, inajipigapiga, inakwenda, inagonga kitu, inageuka, inakwenda tena. Hazisaidiani. Hazijui zinakokwenda, na bado zinakwenda kwa haraka kama watu waliochelewa treni. Nilitamani sana kumwita mtu aje aone.

30 Oktoba

Mvua. Sahani ya Lucienne: samaki leo.

8 Novemba

Watia makaa sita wa kwanza. Kwa wote sita, hakuna hata moja inayotikisika. Zimelala, mikia imenyooka, zimekufa kabisa. Makarani wote hai, watia makaa wote wafu. Docteur alikuwa na haki: ni moto!

Nilifurahi. Naandika kama ilivyokuwa. Nilisimama nikazunguka meza nikapiga makofi peke yangu. Chupa nyingine zilikuwa na kitu kizito, karibu kama uji uliopoa. Nimeandika "nzito" nikapita.

15 Novemba

André alikuja kutaka jibu lake. Nilikuwa nimesema majibu atayatoa Docteur akirudi, lakini André ni jirani, na alisimama mlangoni na kofia mkononi kama mtu aliyekuja kwa padri.

"Munganga, minyi nilileta chupa. Niambie."

"Ngoja Docteur, André."

"Docteur hapana muntu wa kwetu. Weye unakula sahani ya bibi yangu."

Ningeweza kumwambia sijui. Lakini nilikuwa na wiki nzima ya fahari kifuani, na nilitaka kuonekana mtu anayejua. Nilimwambia zimekufa. Zote. Akauliza kama zitafufuka. Nikasema katika kazi ile, mbele ya tanuru lile, sioni namna.

Alivaa kofia. "Asante," akasema, na akaenda kazini.

20 Novemba

Assumani amerudi kutoka Kinkondja na magunia ya samaki wakavu. Mzee huyu, Mwislamu wa Maniema, anajua habari za kila nyumba kati ya hapa na ziwa la Kisale, na hazitozi ushuru.

"Nilimuona bibi yako. Iko muzima, ila anakonda. Aliniagiza maneno moya tu."

"Gani?"

"Anauliza kama ulisha kuangalia. Akasema weye utajua ni nini." Alinitazama kwa jicho la biashara. "Ni nini?"

"Kitu cha nyumbani."

"Nimuambie nini?"

Nikasema: mwambie kesho. Assumani akacheka, akasema anakwenda Kinkondja mwezi ujao, kesho yangu itakuwa imeoza njiani kuliko samaki.

4 Desemba

Nimempelekea Docteur ripoti. Kurasa nzuri. Nimetumia wino wake mweusi.

11 Desemba

Mvua siku zote hizi. Vitabu vinaota ukungu. Daftari hili linanuka samaki.

25 Desemba

Noeli. Kwa jirani ngoma na pombe. Lucienne alileta sahani, uso unang'aa, akaniambia mwenyewe bila kuulizwa: "Munganga, Mungu amenikumbuka." Akaweka mkono tumboni.

Nilisema hongera. Mdomo ulisema. Chakula kilinishinda.

12 Januari 1956

Niandike polepole.

Jana jioni, mvua imekatika, nilisikia sauti kwa André. Si ugomvi wa kawaida, maana sauti ilikuwa moja. Nilitoka. Vitu vya Lucienne vilikuwa nje kwenye matope: sufuria, godoro, mashini ya kushonea aliyoinunua kwa miaka ya kuuza mihogo. Watu wamejaa njiani. Yeye alikuwa amesimama katikati ya vitu vyake, hakulia. André alikuwa kizingitini, mikono imelegea.

"Mu tumbo yako muko mutoto wa nani?" alikuwa anauliza. Hakupiga kelele hata. "Niambie tu wa nani."

"Wako, André. Naapa mbele ya Mungu. Wako."

"Yangu inakufa yote. Munganga aliangalia."

Watu wote wakanigeukia. Sijawahi kutazamwa namna hiyo. Lucienne naye aligeuka, na akanisemesha kwa sauti ile ile ya Jumapili anapoleta sahani:

"Zacharie. Sema. Uliona nini?"

Hakuniita Munganga. Na mimi nilifanya nini? Nilisema kweli yangu: kwamba nilizoziona zilikuwa zimekufa. Nikaongeza kwamba mimi sijui mambo ya nyumba ya mtu. Sauti yangu niliisikia ni ya ripoti. André akafunga mlango. Mama mmoja akampa Lucienne mahali pa kulala.

Nilirudi ndani nikakaa gizani. Niliwaza kwamba ana kosa, kwamba ameniletea sombe kwa mikono ya mwongo. Hilo pia naliandika, maana niliwaza hivyo.

14 Januari

Lucienne amepanda treni ya Bukama. Kutoka pale atatafuta gari la kumfikisha Kabondo-Dianda kwa kaka yake, na barabara ile wakati wa mvua si barabara. Mashini ya kushonea ameibeba kichwani mwenyewe. Nilikuwa gare kupokea dawa. Alipita karibu nami kama anayepita karibu na nguzo.

22 Januari

Jumapili. Hakuna sahani. Nilikuwa nimeketi barazani nikingoja nisilolijua, mpaka nikalijua.

29 Januari

Docteur amejibu. "Bravo!" Anasema tutachapisha. Nimeisoma mara nyingi. Haina ladha.

4 Februari

Nilitaka chupa mpya za watia makaa ili kukamilisha ripoti, na hakuna aliyekuja. Tangu Lucienne afukuzwe, wanaume wakiniona wanavuka upande wa pili wa njia. Basi leo nimekwenda mwenyewe dipo, zinakolala mashini, kuwabembeleza.

Mvua ilikuwa inamwagika. Mwila aliniona nimesimama nimelowa akanionea huruma, akanivuta juu ya mashini. Ndani mna joto linalokausha nguo mwilini. Juu ya mlango wa tanuru kuna ubao mpana wa chuma, na juu yake ilikuwa gamela yake ya bukari na samaki, inatoa mvuke.

"Huku njo jiko yetu," akasema. "Chakula inabakia moto mpaka saa ya kula. Kama supu, inachemka."

Nilicheka. Kisha nikaacha kucheka. Nikauliza:

"Mwila. Zile chupa. Mulikuwa munaziweka wapi, mukingojea dispensari ifunguliwe?"

Alinitazama kama anayeulizwa jina la mama yake.

"Pale. Pamoya na chakula. Ulitwambia isipate baridi."

"Bote?"

"Bote. Tuache chupa mu mufuko, na upepo ya huku? Tulikuwa tunachunga sana, Munganga. André alikuwa anaifunika na kitambaa."

Niliweka mkono juu ya ule ubao. Niliuondoa upesi, na kiganja kina lengelenge mpaka sasa ninapoandika.

Si tanuru lililoua mbegu za watia makaa ndani ya miili yao. Labda linaua, labda haliui, sijui tena. Nilichokiangalia mimi ni mbegu zilizopikwa chupani. Kwa kutii neno langu. André aliifunika yake na kitambaa isipate baridi.

5 Februari

Sikwenda misa.

6 Februari

Nilikwenda kwa André baada ya kazi. Nikamweleza yote. Alisikiliza, akisugua sufuria, maana sasa anajipikia.

"Kwanza ulisema inakufa. Leo unasema hapana kufa. Kesho utasema nini?"

"Niletee chupa ingine. Tutaangalia tena."

"Minyi siweke tena kitu mu chupa yako." Akageuza sufuria. "Uko na maneno tu. Maneno ulisha kunipa."

Ana haki. Lazima nimwonyeshe kwa macho yake: mbegu nzima zigawanywe mara mbili, nusu zikae kwapani, nusu juu ya ubao wa chuma, kisha aangalie. Kwa hilo nahitaji chupa ya mwanaume mmoja. Nimewauliza makarani wanne leo. Mmoja alinifungia dirisha.

11 Februari

Hakuna atakayenipa. Yuko mwanaume mmoja tu katika Kamina nzima anayeweza kunipa, na nimemkwepa tangu mwezi wa sita.

Naogopa. Niseme wazi ninachoogopa. Zisipokuwepo, ubovu ni wangu, na miaka sita Jeannine amekunywa majani machungu kwa ajili yangu, na mzee Ngoie atampa mume mwingine. Zikiwepo, zikiwa nzima, basi macho yote yatamgeukia yeye, na nitakuwa nimemfukuza kwa mkono wangu kama nilivyomfukuza Lucienne. Kila upande nampoteza. Kwa kutoangalia nilidhani sitampoteza.

13 Februari

Nimeangalia.

Ni nzima. Ni nyingi, zinakwenda. Nilikuwa peke yangu, mvua inapiga bati, nikafunga jicho moja na kwa jingine nikaona yale niliyokwisha kuyaona kwa watu wengi, na haya yalikuwa yangu. Nililia. Si kwa furaha. Nilimwona Jeannine anakunja vitambaa.

Kisha nikagawanya. Kichupa kimoja nilikitia kwapani. Kingine alikichukua Mwila, akakiweka karibu na gamela yake. Hakuuliza ni cha nani. Mizaha yake yote aliimeza, Mungu ambariki.

André alikuja kwa sababu Mwila alimleta kwa mkono. Niliweka tone la kwanza. Aliinama, akaangalia, akaruka nyuma.

"Bidudu!"

"Ni mbegu. Iko mizima. Angalia tena."

Aliangalia tena, muda mrefu. Kisha nikaweka tone la chupa ya kwenye mashini. Lilikuwa zito kama uji. Aliangalia, na mgongo wake ukashuka taratibu.

"Ni ya muntu moya hii?"

"Ya muntu moya."

"Nani?"

"Minyi."

Aliinua uso. Nikamwambia lililobaki, kwa sababu safari hii sikutaka kumpa hata neno moja la ziada: kwamba hii haionyeshi mtoto ni wa nani. Inaonyesha tu kwamba neno langu lilikuwa bure, na bila neno langu kati yao, hana ushahidi wowote juu ya mke wake ila yeye mwenyewe anavyomjua.

André akasema, kwa wema, na ndiyo maana iliuma: "Basi weye utazala, Zacharie."

16 Februari

André ameomba ruhusa kazini. Ameondoka na baiskeli kwenye behewa, ashukie Bukama, aende Kabondo-Dianda kwa matope.

19 Februari

Nimemwandikia Docteur kwamba ripoti yote itupwe. Wino huu huu wa bluu.

2 Machi

Nasoma majarida ya Docteur ili nisisikilize nyumba. Nimekuta jambo. Wataalamu wawili, kila mmoja upande wake wa dunia, wameona kwa sungura kwamba mbegu mpya, hata ikiogelea vizuri namna gani, haiwezi kuingia kwenye yai. Lazima kwanza ikae saa kadhaa ndani ya mwili wa jike, na humo kuna kitu kinaitengeneza. Hakuna ajuaye ni nini. Nimesoma ukurasa ule nimesimama. Kumbe kuogelea si kazi yote. Kumbe ninachokiona katika jicho la mikroskopi ni mtu anayetembea njiani. Kama atafunguliwa mlango, hilo silioni.

9 Machi

Lucienne amerudi. Nimesikia sufuria zao. Tumbo limekuwa kubwa. Aliponiona alisema "Jambo, Munganga," na akaingia ndani. Sikutegemea zaidi. Jumapili barazani kwangu hapakuwa na sahani, na sitegemei.

18 Machi

Mvua. Kifua.

1 Aprili

Pasaka. Assumani ameleta habari: maji ya ziwa yanaanza kushuka, mzee Ngoie ananiita. "Na bibi yako," akaongeza, "safari hii hakuniagiza kitu. Nilimuuliza, hakuna. Hiyo haiko muzuri, rafiki yangu."

15 Aprili, Bukama

Nimerudi toka Kinkondja, nangoja treni. Naandika juu ya goti.

Wazee walikaa ukumbini kwa mzee Ngoie, moshi wa samaki unatoka kila ua. Mama wa Jeannine alipita mbali, uso ameugeuzia upande mwingine, kwa heshima ya muko, mkwe wake. Jeannine alikaa mkekani karibu na mlango. Amekonda kweli. Hakunitazama.

"Muko," mzee akaanza, "weye ni muntu ya masomo. Kazi yako njo hii. Utwambie ubovu iko wapi."

Nilikuwa nimelipanga njiani kote, ndani ya treni na ndani ya boti. Nilisema:

"Tata, niliangalia yangu. Iko mizima."

Vichwa vyote vikamgeukia Jeannine, kama nilivyojua. Yeye akatazama mkeka. Nikaendelea upesi kabla kimya hakijawa hukumu:

"Lakini kuogelea hapana kuzala. Iko kazi ingine ndani, na macho yangu haione. Kamina nilisema neno moya nikidai najua, na mwanamuke mwenye tumbo akatupwa inje na mvua. Sitasema tena neno kama ile. Ubovu iko wapi, sijui. Pengine haiko kwa muntu."

"Miaka yote ya masomo," mzee mmoja akasema, "na jibu ni sijui."

"Ni sijui, Tata."

Mzee Ngoie alitikisa kichwa. "Basi unajua nini?"

"Najua namutaka bibi yangu. Na mutoto, na bila mutoto."

Walinong'onezana. Mwishowe mzee alisema hawezi kufungua wala kufunga kwa jibu kama hilo. Mtoto wao aseme mwenyewe, na asiseme leo.

Jeannine alinisindikiza mpaka gatini na kapu la samaki, kama anavyosindikizwa mgeni. Nilidhani nimefanya vizuri. Nilidhani hata ataniambia asante. Pale penye mitumbwi akaweka kapu chini.

"Uliangalia siku gani?"

"Mwezi ya pili."

"Juu ya nini?"

Habari za André zilikuwa zimemfikia zamani. Nilijua anajua.

"Juu ya Lucienne," nikasema.

"Njo vile. Lucienne ni rafiki yangu, na nafurahi. Ulifanya vizuri." Alikuwa anafunga upya kamba ya kapu, ambayo haikuwa imelegea. "Lakini yeye hakukuuliza. Minyi nilikuuliza. Mu mwezi ya sita, mu nyumba yetu."

"Niliogopa, Jeannine. Niliogopa kukupoteza."

"Na minyi? Nilikuwa naogopa na nani?" Sauti yake ilipasuka hapo, mara moja tu. "Sikukuambia uangalie ili nijue kama ni weye. Nilitaka tuangalie shiye wawili. Kama iko mubaya, shiye wawili. Ulinituma kuogopa peke yangu, kwa miezi yote hii, na kinywa yangu iko na majani."

Boti ilipiga honi. Nilichukua kapu.

22 Aprili

Mvua ya mwisho, nadhani. Ilinyesha kidogo tu, kama iliyosahau kitu ikarudi kukichukua.

6 Mei

Docteur anarudi juma lijalo. Nimesafisha maabara. Jumapili leo, na barazani nimekuta sahani. Imefunikwa, haina mtu. Nimekula yote, nimeiosha, nimeirudisha mwenyewe. Lucienne aliipokea akasema, "Bado unapenda pilipili mingi," na tukasimama kidogo pale mlangoni.

20 Mei

Baridi ya kiangazi imeanza. Jana treni ya Bukama ilimshusha Assumani na magunia yake, na nyuma ya magunia, Jeannine, na kapu moja tu. Niliona kapu ni dogo. Si mzigo wa mtu anayehamia.

"Nimekuya kuangalia," akasema. "Kubakia, sijasema."

Leo asubuhi tulitoka nyumbani pamoja, wingu la baridi bado liko chini njiani. Kichupa alikishika yeye. Nilinyoosha mkono nikichukue nikitie kwapani. Akakataa, akakifunga katika ncha ya kitambaa chake na kukiweka kifuani, chini ya blauzi.

"Isipate baridi," akasema. "Si njo vile?"

Maabara nilitengeneza kioo, nikaweka tone, nikamwachia benchi. Alifunika jicho moja kwa kiganja na kuinama. Alikaa hivyo muda mrefu. Nilikuwa na mengi ya kueleza, kichwa na mkia na sungura wa majarida, na nikanyamaza. Nilisimama nyuma yake na mikono yangu haikuwa na pa kwenda.

"Bako bengi," akasema.

"Ndiyo."

"Na banahangaika sana."

"Ndiyo."

Aliangalia tena. Kisha, bila kuinuka, alisogea mpaka ukingoni mwa benchi, akanishika shati kwenye kiwiko, akanivuta niketi mahali palipobaki.

"Angalia na weye," akasema. "Halafu unirudishie."